Uzoefu wangu: tulivyohamisha tovuti ya duka hadi .co.ke

Duka letu la leso na vitenge liko Biashara Street. Jina la kwanza la tovuti tulilipata kwa ofa, likiishia kwa mojawapo ya zile herufi mpya za mwisho wa anwani (kama .xyz) zinazouzwa kwa bei ya kutupa mwaka wa kwanza. Tovuti yenyewe ilikuwa sawa: ilifunguka upesi na malipo ya M-Pesa yalipita. Lakini ankara zetu za barua pepe ziliangukia kwenye spamu, na kompyuta za ofisi fulani zilikataa kabisa kuufungua ukurasa. Mteja wa Eastleigh akanipigia: "Dada, hii linki si ya matapeli kweli?" Swali hilo liliniuma.

Nilichojifunza ni kwamba vichujio vya usalama havikujui wewe, vinawajua majirani zako, yaani tovuti nyingine zenye herufi za mwisho kama zako. Tapeli huhitaji majina mengi: moja likifungiwa, anachukua jingine. Kwa hiyo hukimbilia yale ya bei ya chini, au ya bure. .tk ya visiwa vya Tokelau, .ml ya Mali na .ga ya Gabon zilitolewa bure miaka mingi na kampuni ya Freenom, na walaghai wakajazana humo. Mwaka 2023 Freenom ilisimamisha usajili mpya, na Gabon ikaichukua .ga yake mwaka huohuo. Wenye nia njema waliokuwa humo waliumia bure, na hilo naliona ni dhuluma. Herufi zenyewe hazina kosa. Hata Alphabet, kampuni mama ya Google, inatumia abc.xyz.

.co.ke tuliisajili kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke ya Kenya. Ada yake ilizidi ile ofa, ila ofa nayo hupanda ukifika wakati wa kulipia upya. Mwanzoni barua pepe chache bado zilipotea, kwa sababu jina jipya lolote hutiliwa shaka. Fundi akaweka SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwetu. Sasa ankara zinafika, na wateja wa hapa wanaitambua anwani. Tofauti na .go.ke, ambayo ni ya serikali pekee, .co.ke huuziwa yeyote, basi usimwamini muuzaji kwa hiyo tu.

Jina la zamani bado tunalilipia kila mwaka. Tukiliachia, mtu mwingine anaweza kulinunua na kuwauzia wateja wetu hewa.