Kabati la DDA: lipi linafaa kituo cha afya kidogo

Mofini, pethidini, ketamini na diazepamu, dawa kali za maumivu na za usingizi ambazo watu huziiba kulevya, hazikai rafu moja na panadol. Wodini chombo chake tunakiita kabati la DDA (Dangerous Drugs Act, yaani sheria ya dawa za hatari), na kwa kituo chenye chumba cha upasuaji sipendi kinunuliwe kwa pupa.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni kabati la chuma la milango miwili: ukifungua wa nje unakuta wa pili ndani, wenye kufuli yake na ufunguo wake. Si lazima liagizwe nje. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, wanalitengeneza, ila msimamie fundi: bawaba zikae ndani, mlango usiache mwanya wa kupenyeza bisibisi, na mgongo utobolewe matundu manne ya bolti kabla ya kupakwa rangi. Matundu hayo ndiyo husahaulika sana. Kabati lisilokazwa ukutani hubebwa zima zima, likavunjwe kwingine. Ukuta nao uwe wa tofali. Kwenye jipsamu bolti hung'oka. Kwa walio Tanga au Unguja, chumvi ya bahari haina huruma na kufuli za chuma, chukueni za shaba.

La pili ni sefu ndogo ya namba. Inafaa penye watumishi wachache, nayo pia ikazwe kwa bolti. Hofu yangu ni betri kuisha usiku wa manane mama yuko kwenye meza ya upasuaji, basi iwe na ufunguo wa dharura. Namba ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile, na tena kila mtumishi anapohama.

La tatu, kabati la mafaili, ni la kujishikiza tu. La mbao lenye kioo usinunue kabisa.

Ukubwa? Liingie dawa na daftari la kuandikia kila dozi inayotoka, basi. Likibaki na nafasi, watu wataweka simu na pesa, na litafunguliwa kutwa. Usilitundike ukuta unaopigwa na jua. Lorazepamu ya sindano, ndugu ya diazepamu, inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, nayo ifungwe kwa ufunguo.

Niliwahi kufanya kazi wodi yenye kabati zuri ajabu, ufunguo ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ampuli mbili za pethidini hazijaonekana mpaka leo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hesabu funguo unazokabidhiwa: kila kufuli iwe na mbili tu, mmoja mkononi mwa muuguzi wa zamu, wa akiba kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa mfamasia.