Risasi za 9mm za mazoezi: zipi hazitaitafuna bastola yako

Msomaji mmoja mwenye leseni kaniuliza mbona bastola yake siku hizi inarusha maganda mbali kuliko zamani. Fundi kamwambia springi imechoka, akamuuzia nyingine. Hakuna aliyemuuliza anafyatua nini. Ni +P, yaani risasi zenye shinikizo kubwa kuliko za kawaida, kila akienda uwanjani.

Habari ya shabaha muuzaji yeyote atakupa. Mimi nauliza slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, inarudi nyuma kwa nguvu gani. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greini (kipimo kidogo cha uzito kinachoandikwa kwenye boksi), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde. Greini 124 kwa futi 1,150 ni 142,600. Uzito huohuo wa +P kwa futi 1,220 ni 151,280. Utasema ni kidogo, lakini springi humeza kiasi chake tu. Ziada yote inaishia kwenye fremu, mwili wa bastola. Fungua bastola iliyolishwa +P kwa muda mrefu utazame pale slaidi inapogota: waweza kukuta chuma kimefumuka ukingoni kama kichwa cha patasi. Kwa kipimo cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi ya Marekani, shinikizo linaruhusiwa kupanda kutoka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000 kwa risasi ya kawaida hadi 38,500 kwa +P.

Ya kwanza kwangu, na upendeleo siufichi, ni Sellier & Bellot ya greini 124, ya kawaida, ganda la shaba ya manjano. Wacheki hawa wako kazini tangu 1825.

Ya pili ni Magtech ya Brazil, greini 115. Haina makuu, inafanya kazi.

Ya tatu ni greini 147 ya kampuni yoyote inayoaminika. Mkononi ni tulivu, mfukoni si tulivu.

+P iache ya kujilinda. Fyatua chache uone kama bastola inazikubali, basi.

Za bei rahisi zenye ganda la chuma, nenda na sumaku. Ikinasa kwenye kichwa, chini ya ile rangi ya shaba kuna chuma, na mifereji ya mtutu italika mapema.

Muuzaji mmoja hapa Nairobi alinikatalia hata kufungua boksi. "Zote ni nine, madam." Anajua cheti cha silaha kinakuwekea kikomo cha risasi unazoweza kushika, huwezi kununua za mwaka mzima bei ikiwa nzuri, kwa hiyo kila ukirudi imepanda. Na hiyo +P ndiyo anayoisukuma kwanza, kwa bei ya juu, eti ndiyo "ya kazi".