Nyota tano au nyota mbili: nani hung'ara futiboli ya vyuo vikuu Marekani?
Wachambuzi huwapa wachezaji wa sekondari nyota hadi tano kwa kipaji chao, kabla hawajaingia chuo. Trevor Lawrence aliingia Chuo Kikuu cha Clemson na nyota tano, akatwaa ubingwa wa taifa msimu wake wa kwanza. J.J. Watt alikuwa na mbili tu: alianzia Central Michigan, akahamia Wisconsin bila ufadhili wa masomo, na mwaka 2011 Houston Texans, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, wakamchagua raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya.

Watu humtaja Watt kudai kuwa nyota hazina maana. Mimi nakataa. Wenye tano ni kama 30 kwa mwaka. Wenye mbili na tatu ni maelfu, kwa hiyo hakosekani wa kuchomoza. Nafasi ya kila mmoja wao ndiyo finyu mno. Timu za vyuo vya Alabama na Georgia, zilizowahi kuwa bingwa wa taifa, hazikukusanya wenye tano bure! Ila kijana wa miaka 17 wa safu ya mbele, mwili ungali unakua, simhukumu kwa nyota.