Tahadhari: kuna mtu anauza maboksi ya besi yaliyobadilishwa spika ndani

Wapiga besi wenzangu, hasa mnaotafuta amplifaya na boksi lenu la kwanza kwa bei nafuu, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu yeyote hela. Kuna muuzaji anauza maboksi ya spika nne za inchi 10. Kwa nje ni mazima, lakini ndani ameng'oa baadhi ya spika zake na kubandika nyingine. Mimi ameniuzia moja. Nimekuja kujua kwamba si mimi peke yangu, na ndiyo maana naandika.

Kumtaja jina hakusaidii kitu. Kwangu alikuja na jina moja, mwenzangu aliyelizwa kabla yangu anamjua kwa jina jingine, na namba aliyonipa ilizimwa siku mbili baada ya kunikabidhi boksi. Mtamjua kwa mwenendo wake.

Tangazo lake lina picha tatu au nne, zote za mbele, wavu umefungwa. Bei ni ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kukutia wasiwasi. Anasema anahama, hana pa kuliweka boksi. Ukiomba picha ya nyuma anakutumia haraka: kibao kinaonyesha omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya inabebeshwa mzigo mkubwa zaidi) na wati zake, na kibao hicho ni cha kweli, kwa sababu boksi lenyewe ni la kweli. Hapo ndipo moyo unapotulia. Kisha anakwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni, kwa hiyo tuma arubuni akuwekee. Arubuni sikutuma. Nilisema nitakwenda mwenyewe nikalisikilize, na nikaamini hiyo inatosha.

Nilikuta kila kitu kimeshaunganishwa. Boksi limesukumwa hadi kwenye kona ya chumba, amplifaya imewashwa, kitasa cha kuongeza sauti nzito kimezungushwa karibu mwisho. Kona ya kuta mbili huongeza sauti nzito, hata boksi dhaifu likikaa pale linasikika lina kifua. Akapiga yeye mwenyewe, tena kwa ufundi, kwa dole gumba na kuchomoa, muda wote yuko kwenye nyuzi mbili nyembamba, D na G. Nilipoomba gitaa akanipa, ila akateremsha sauti akasema kuna mgonjwa chumba cha pili. Nani atabishana na hilo? Nikapiga E, uzi mnene, wazi bila kuubonyeza, mara mbili tatu, kwa sauti ile ndogo nikasikia kawaida, nikahesabu hela. Kosa langu liko hapo.

Kwenye mazoezi nililiunganisha pamoja na boksi langu dogo la omu 8. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, yaani kila moja likipata umeme kwa njia yake, yanakuwa omu 4, na amplifaya yangu imeandikwa isiteremke chini ya 4. Kwa hesabu hiyo nilikuwa salama. Wimbo wa tatu haujaisha, amplifaya ikanyamaza. Ikarudi. Ikanyamaza tena. Nilipoigusa juu ilikuwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono. Na kila nilipoigusa E ya chini, boksi lilitoa sauti ya karatasi inayopigwa na upepo.

Fundi hakuliwasha hata mara moja. Alichukua multimita, kile kifaa kidogo cha kupimia umeme, akapima kwenye tundu la boksi: 4.3. Akaniambia boksi zima la omu 8 kwa kawaida linasoma karibu na 6, kwa sababu multimita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, ule uliozungushwa nyuma ya spika. Kusoma 4.3 maana yake kuna kitu kimebadilishwa. Akashika bisibisi. Hapo ndipo nilipoziona skrubu: boksi limechubuka pembe zote, lakini skrubu nne za chini kwenye wavu zinang'aa kama zimetoka kwenye pakiti. Wavu ulipotoka na spika kufunguliwa, mbili za juu zilikuwa za asili, zina karatasi ya mtengenezaji nyuma ya sumaku. Mbili za chini zilikuwa spika za gari za omu 4. Vifuniko vyake vya katikati vilikuwa vimepakwa rangi nyeusi kwa brashi ili vifanane na vya juu, na unyoya mmoja wa brashi ulikuwa bado umeganda kwenye rangi.

Spika mbili za asili zimefuatana, yaani umeme unapita moja kisha nyingine, 8 na 8, jumla 16. Za gari zimefuatana, 4 na 4, jumla 8. Jozi hizo mbili zikiwa sambamba unapata omu 5.3, si 8 kama kibao kinavyodai. Ukiongeza boksi jingine la omu 8 unafika 3.2, na amplifaya inayotaka 4 inaanza kuungua polepole. Na jozi yenye omu ndogo ndiyo inayovuta umeme mwingi: spika zile za gari zilikuwa zinakula theluthi mbili ya nguvu yote inayoingia kwenye boksi, na hazikutengenezwa kwa boksi la namna ile. Kwa hiyo hata ukiliunganisha lenyewe bila boksi la pili, unachosikia zaidi ni zile spika za kubandika. Hii haikuwa spika iliyokufa ikabadilishwa kwa nia njema. Aliyefanya vile alijua, ndiyo maana akapaka rangi.

Mwenzangu yeye aliuziwa boksi lililowekwa spika za gitaa la kawaida. Hizo ni mbaya kwa namna nyingine. Uzi wa E wa besi unatetema kwenye hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde, na B ya besi ya nyuzi tano iko hezi 31. Spika ya gitaa haijatengenezwa kwenda huko, koni yake, ile karatasi inayotetema, haina nafasi ya kutembea mbele na nyuma. Ukipiga kwa sauti ndogo hujui, kwa sababu sikio linajaza sauti ya chini kutokana na zile za juu yake. Ukiongeza, koili inagonga na koni inachanika.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na gitaa lako, waya wako, bisibisi na multimita. Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha. Pima kabla ya kusikiliza: omu 8 isome karibu na 6, omu 4 isome karibu na 3 au zaidi kidogo. Ikisoma juu sana, huenda kuna spika imekatika. Kisha omba boksi livutwe mbali na ukuta, vitasa vyote vya sauti viwekwe katikati, na upige E na A wazi kwa sauti ya jukwaani. Akikwambia kuna mgonjwa, mwambie utarudi siku atakayokuwa amepona. Halafu omba kufungua wavu. Mwenye mali ya halali anaweza kukunja uso, lakini atakuruhusu. Bonyeza kila koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua. Angalia spika zote ni ndugu: koni na vifuniko vya aina moja, na zikifunguliwa, sumaku na maandishi ya aina moja.

Kwenye maboksi makubwa ya spika nane hili ni muhimu zaidi. Boksi la Ampeg SVT-810E, kwa mfano, lina spika nane za omu 32 zote sambamba, ndiyo maana jumla ni omu 4. Spika za omu 32 huzikuti kila duka. Mtu akichomeka moja tu ya omu 8 aliyoipata karibu, boksi zima linashuka hadi 2.9, na spika hiyo moja inabeba zaidi ya theluthi ya nguvu yote. Nane ni nyingi, lakini zikague zote.

Kuhusu amplifaya yenyewe nina machache, kwa sababu huyu bwana nguvu yake iko kwenye maboksi. Soma nyuma imeandikwa volti ngapi, maana amplifaya ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wa 230 unaiua siku hiyohiyo. Amplifaya ya taa, ile yenye valvu za kioo ndani, usikubali iwashwe na kupigwa bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Vitasa vinavyokwaruza si jambo kubwa, ni vumbi, dawa ya kusafishia inamaliza. Mvumo mzito usiopungua hata ukiteremsha sauti yote, huo ni wa kuogopa, mara nyingi ni kapasita, vile vipande vya ndani vinavyosafisha umeme, zimechoka. Na wati 500 zilizoandikwa mbele kwa kawaida ni kwa omu 4. Kwenye boksi moja la omu 8 utapata karibu nusu yake, kwa hiyo usilipie usichokitumia.

Ukikubaliana naye, andikeni karatasi: namba ya boksi, namba ya amplifaya, tarehe, sahihi zenu wawili. Mimi sikuwa na karatasi. Nilipokwenda polisi nilikuwa na jumbe za simu tu, na wamezipokea, lakini wamenieleza wazi kwamba bila maandishi ni kazi ngumu kuthibitisha boksi hili ndilo alilonipa. Kama na wewe ameshakupitia, usifute jumbe zake hata kwa hasira.

Juzi nimeona tangazo jipya. Jina ni jingine, namba ni nyingine, lakini zulia lenye mistari ni lilelile na kona ni ileile, safari hii anauza boksi pamoja na amplifaya. Nimewaandikia watu wawili waliokuwa wanaulizia bei. Mmoja ameshukuru. Wa pili amenijibu kwamba arubuni ameshatuma, na Jumamosi anakwenda kulichukua. Nimemwomba aniruhusu nifuatane naye, na multimita nimeshabadilisha betri.