Kipimo cha kidole gumba: riwaya za kihistoria za kuwanunulia vijana Nairobi

"Mama, mgo ni nini?"

Nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Nikamwambia binti yangu hakuna neno kama hilo, huenda amesoma vibaya. Akaniletea kitabu. Kilikuwa Kuli cha Adam Shafi, riwaya ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na neno lenyewe lilikuwa "mgomo". Herufi mbili za mwisho zilikuwa zimezama kwenye gundi. Ukurasa wa pili ulikuwa vilevile, ila huko mistari ilianzia katikati ya maneno. Siku tatu mtoto wa Gredi ya 7 anasoma habari za mgomo, na neno mgomo lenyewe hajaliona likiwa zima.

Nilikinunua kandokando ya njia, upande wa barabara ya Tom Mboya, kwa shilingi 350, nikaondoka najiona mjanja. Kumbe ilikuwa fotokopi iliyovalishwa jalada la rangi.

Kwa hiyo leo sizungumzii umri wala idadi ya kurasa wala ugumu wa msamiati. Hayo mwalimu atakwambia. Nazungumzia pambizo ya ndani, ile nafasi nyeupe kati ya maandishi na mgongo wa kitabu, ambayo sijawahi kumwona mzazi hata mmoja akiipima dukani. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni, maana mwanzoni kila kitabu hufunguka vizuri. Laza kidole gumba juu ya ile nafasi. Kikienea bila kugusa herufi, lipa. Kisipoenea, rudisha.

Kisha kitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vidogo vilivyokunjwa, kitabu kimeshonwa na kitalala wazi mezani chenyewe. Ukiona karatasi zimepangana wima moja moja kama za kitabu cha risiti, ni gundi tupu. Hiyo si dhambi pambizo ikiwa pana. Ikiwa nyembamba, mtoto atakikandamiza ili asome, mgongo utapasuka, na kurasa zitaanza kudondoka kwenye matatu. Kwa riwaya ya kihistoria hasara huwa mara mbili. Katika hadithi ya mapenzi neno likimezwa utalikisia, lakini mtoto atakisiaje mwaka, au jina la mji asiowahi kuusikia?

Sasa nipange, na upendeleo wangu siufichi: wa kwanza ni wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Nakala yangu ya Vuta N'kuvute, riwaya waliyoichapisha mwaka 1999, nimeiazimisha kwa ndugu, majirani na mwalimu mmoja aliyekaa nayo mihula miwili, na bado gumba langu linaenea. Nayo ni ya Adam Shafi. Ni Unguja ya mkoloni, miaka ya kudai uhuru: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, anatoroka ndoa, Denge anapambana na Waingereza kwa siri. Historia hapo haifundishwi, inaishi uchochoroni, kwenye muziki, kwenye vikao vya usiku. Ina ulevi na mambo ya watu wazima, kwa hiyo mimi ningempa kijana kuanzia miaka 16, tena nikiwa nimeisoma kwanza. Kuna na filamu yake ya mwaka 2021. Kitabu kitangulie.

Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 naweka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Ni chembamba, na Kiswahili chake ni chepesi. Kinasimulia watu waliotekwa na kuuzwa, wakaokolewa baharini na kuwekwa Frere Town, Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali kuna mahali panaitwa Kengeleni, na kengele yenyewe ya watu wale ipo hapo. Mwonyeshe mtoto mkienda pwani Desemba. Lakini usimwachie kitabu hiki peke yake. Mwandishi anawasifu Waingereza mno, kana kwamba uhuru ulikuwa zawadi yao. Binti yangu aliuliza mbona watumwa wenyewe hawafanyi kitu, tukabishana mpaka chai ikapoa. Sijuti hata shilingi niliyolipa.

Kuli ingekuwa ya pili kama ningepata nakala nzuri. Rashidi ni kijana ambaye mtoto wa miaka 13 atamfuata popote, na bandari inanuka jasho na karafuu. Naiweka ya tatu kwa hasira.

Ya nne ni Kaburi Bila Msalaba cha P. M. Kareithi, hadithi ya vita vya Mau Mau. Kilitoka mwaka 1969, miaka tisa tu baada ya hali ya hatari kuondolewa, na ukikisoma unaona jeraha halijafunga. Madukani sikioni, nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu. Karatasi imegeuka rangi ya chai lakini pambizo ni ya watu waliojua kazi. Msome na nyanya yake karibu kama yupo, maana kuna maswali ambayo wewe hutayaweza.

Za bei rahisi nazipitia mbio. Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya hadithi ya Stevenson ya mwaka 1883, inapendeza, maharamia hawachoshi. Ila hakikisha hujauziwa muhtasari: kitabu cha kurasa hamsini chenye picha kila upande si riwaya. Na fotokopi za 350, mimi nimeshawalipieni somo.

Sasa wenye maduka. Nani aliwafundisha kufunga riwaya kwa nailoni? Wiki iliyopita niliomba kufungua moja nipime. Kijana wa kaunta akaniambia, "Madam, ukifungua umenunua." Nguo nitajaribu, tikiti maji litakatwa nionje, lakini kitabu ninunue kwa kuangalia jalada! Nilipouliza riwaya nyingine ya zamani, akauliza kama inatahiniwa mwaka huu. Haitahiniwi. Basi hawaiweki.

Halafu kodi. Tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013 vitabu vimetiwa asilimia 16, kwa hiyo cha shilingi 1,000 unakitoa kwa 1,160. Hizo 160 ni nauli yangu ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana watu tunaishia kwa wale wa kandokando ya njia, na mchapishaji aliyeacha pambizo pana anakosa mnunuzi.

Ile Kuli yangu bado ipo. Binti alichukua penseli akaanza kuzijaza herufi zilizomezwa, akafika kama ukurasa wa 40 akachoka. Juzi nikaifungua, nikaona kwamba kabla hajaja kuniuliza jikoni alikuwa ameshakisia: makuli, kwa mwandiko wake, wanatangaza mgongo.