Nyota ya Uganda: ya 1962 au ya 1986?

Wanaopiga falaki ya Uganda huvutana juu ya tarehe mbili za kuhesabu kuzaliwa kwa nchi: 9 Oktoba 1962, bendera ilipopandishwa Kololo saa sita usiku, na 29 Januari 1986, Museveni alipoapishwa.

Ya 1962 ndiyo yenye mashiko, maana saa yake inajulikana. Jua liko Mizani, na Kaa ndiye anayechomoza mashariki: nchi ya maafikiano, inayong'ang'ania ukoo na nyumbani. Mtego uko kwenye kuingiza saa. Programu ya kuchora ramani ya nyota inataka 00:00 ya tarehe 9, kanda ya saa ya +3, Kampala. Ukiandika 06:00 kwa mazoea yetu ya "saa sita", Mizani ndiyo itakayochomoza na tafsiri yote itakwenda mrama. Nyota inayochomoza husogea digrii 1 kila dakika 4 hivi, kwa hiyo hata robo saa si mchezo.

Ya 1986 inaweka Jua kwenye Ndoo: mageuzi, kuvunja mazoea. Hiyo naona inaeleza serikali kuliko nchi. Kama huna dakika ya kiapo, soma sayari tu. Nyumba 12, yaani mafungu ya ramani ya nyota yanayotegemea saa kamili, ziache. (Sayansi, kwa vyovyote, haiungi mkono hata moja.)