Mitla dakika 25, duka la mezkali saa nzima na nusu

Mnisamehe, naandika na hasira. Juzijuzi tulikuwa Oaxaca, Mexico, tukalipia ziara ya siku moja iliyotangaza Mitla, magofu ya kale ya Wazapoteki, wenyeji wa huko, kwa herufi kubwa. Tulipofika, Mitla tukapewa dakika 25. Kwenye duka la mezkali, pombe yao ya mmea wa jamii ya mkonge, tulikaa saa nzima na nusu, vibuyu vya kuonja haviishi.

Mimi mtu wa Lamu, ukuta naujua. Kwetu jiwe la matumbawe bila chokaa halisimami. Sasa niko mbele ya jumba la Wazapoteki, ukuta umejaa nakshi za ngazi na vizingo, vijiwe maelfu kwa maelfu, kila kimoja kimechongwa kivyake na kupachikwa bila chokaa, tena nchi yenyewe ya matetemeko! Nimeinama natafuta upenyo wa kupitisha ukucha, nasikia makofi nyuma yangu: pa, pa, pa. Mwongozaji. "Twendeni, mawe ni mawe tu."

Jamani!

Nikamuuliza kuhusu kanisa la San Pablo, lile la kuba nyekundu, ambalo Wahispania walilipandisha juu ya jumba jingine la wenyeji kwa mawe ya wenyeji haohao. Akanitazama kama mtoto anayelilia peremende, kisha akatazama saa. Hapo kando ya kanisa kuna vizingiti vyenye mabaki ya michoro myekundu ya kale. Sikuvitia machoni.

Lakini haki yao niwape. Kituo nilichokidharau kuliko vyote, cha mazulia Teotitlán del Valle, ndicho kilichonifunga mdomo. Mama mmoja alichukua vijidudu vikavu vya dungusi, akavisagia kiganjani mwangu: wekundu wa damu. Akakamulia ndimu, ukawa rangi ya chungwa. Akatia chokaa kidogo, zambarau hiyo! Enzi za ukoloni, katika bidhaa zilizotoka Mexico kwenda ng'ambo, rangi hii ilizidiwa thamani na madini ya fedha peke yake. Pale pale nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu, garini, mwongozaji akapitisha kofia ya bakshishi. Kwangu alisimama muda mrefu kuliko aliosimama Mitla. Basi nyota moja, na hiyo ni ya yule mama.

Kesho yake nikapanda teksi ya abiria wa kuchangia, nikarudi Mitla peke yangu. Ukucha haukupita.